Fundi Aliyeacha Koki Wazi

Mtaani Río Seco, kule El Alto, mji ulio juu sana milimani, Eleuterio Calisaya alikuwa na majina mawili. Usoni pake watu walimwita Fundi. Kisogoni walimwita Bwana Matundu, kwa kuwa hakuna jiko la biashara alilolifunga bila kwanza kutoboa ukuta wa mwenyewe: tundu moja chini karibu na sakafu, lingine juu karibu na dari, kila moja la kutosha paka kupita. Na El Alto si mahali pa kutoboa kuta. Baridi yake hukata masikio, na mtu aliyehangaika miaka kumi kupandisha tofali juu ya tofali hapendi kumwona mwanamume na nyundo akiukaribisha upepo ndani.

"Fundi, si utoboe na paa kabisa tulale tukihesabu nyota?" walimtania.

"Nyota hazijaua mtu," alijibu bila kugeuka. "Moto uliokosa hewa ndio unaoua." Na nyundo ikaendelea.

Alizaliwa kwenye kambi ya mgodi wa bati. Baba yake alikufa mapafu yakiwa yamejaa vumbi la mwamba, akavuta pumzi zake za mwisho kama mtu anayenyonya maji kwenye kitambaa kikavu. Mgodi ulipofungwa, mama aliwaleta watoto El Alto, na Eleuterio akaajiriwa kukanda unga kwenye bekari ya tanuri la dizeli, lililomfanya ateme makohozi meusi miaka kumi na mitatu. Bomba la gesi lilipofika mitaani alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijiandikisha kusoma ufundi, akafeli mtihani mara ya kwanza, akafaulu mara ya pili, akapewa leseni yenye picha yake amevaa tai ya kuazima. Leseni ile mkewe Basilia aliitundika ukutani kando ya picha ya harusi yao.

Bekari ile ya dizeli ilikuwa ya wazazi wa Hilaria Tarqui, na walipofariki ikawa yake. Hilaria alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyemsimamia Zulma, binti wa Eleuterio, siku ya ubatizo. Tangu hapo wakaitana komadre na kompadre, na kwao jina hilo si la mchezo. Komadre wako akiugua, unaacha kazi. Akilia, unakaa naye.

Hilaria alipoamua kuachana na dizeli, aliagiza oveni ya gesi kutoka nchi ya chini kwenye joto. Ilikuja juu ya lori, ya ghorofa mbili, milango ya kioo, inang'aa kama gari la harusi. Akaivisha utepe, akamwaga bia kidogo sakafuni kwa ajili ya ardhi, kama inavyotakiwa, halafu akataka iwashwe papo hapo.

"Kompadre, gesi ipo, oveni ipo, kibiriti hiki hapa. Unangoja nini, askofu?"

"Nangoja bomba la moshi lipande, komadre."

"Si lipande kesho?"

"Basi na mkate uoke kesho."

Ilimchukua siku tatu. Alitoboa matundu yake mawili. Alibadilisha vipua vyote, vile vijitundu vinavyopuliza gesi ndani ya oveni, kwa sababu vilikuwa vimetengenezwa kwa watu wa chini wenye hewa nzito. Huku juu, hewa ilivyo nyembamba, vingetoa moto wa njano wenye masizi. Alipandisha bomba la moshi wima, likatoboa bati, likazidi ukuta mrefu kuliko yote kwa mita nzima, akalivika kofia ya kuzuia mvua. Kila kiungo cha bomba la gesi alikipaka povu la sabuni, akapiga magoti mbele yake, akatazama kama mtu anayesoma herufi ndogo za mkataba. Hakuna povu lililovimba. Sindano ya geji ikakaa robo saa bila kutikisika. Ndipo akawasha.

Moto ulikuwa wa buluu, mfupi, umetulia. Aliwasha udi, akausogeza mdomoni mwa bomba la moshi, na ule moshi mwembamba ukavutwa juu kama uzi.

"Umeona? Moshi unaijua njia yake. Usije ukaiziba."

"Nani aizibe? Mimi nina wazimu?" Hilaria akacheka, akamtilia kinywaji.

Kwa miaka miwili oveni ile ilifanya kazi bila tatizo. Kisha Hilaria akajenga ghorofa juu ya bekari. El Alto kila nyumba hukua. Nondo huachwa zimesimama juu ya paa zikingoja chumba kingine. Fundi mwashi, mtu mmoja aitwaye Rufo, alikuta bomba la moshi limesimama katikati ya chumba alichotaka kukijenga. Hakumuuliza mtu. Alilikata usawa wa paa la zamani, akalitia kiwiko, akalilaza chini ya mbao za sakafu ya chumba kipya, akalitoa nje kwenye ukuta wa nyuma, juu kidogo ya bati la banda la kuni. Kwenye kiungo akazungusha utepe wa gundi. Lile tundu la juu la bekari likafunikwa na ngazi. Hilaria aliona, akaridhika, kwa maana chumba kilipendeza. Wala hakumwita kompadre wake. Labda alijua angesema nini.

Chumba hicho alikipanga Fidelia Poma, mshonaji wa nakshi za mavazi ya ngoma, aliyekaa na mama yake mzee, Mama Vitaliana. Mchana kutwa Fidelia aliinama juu ya kitambaa, akishona shanga na vipande vinavyometameta, na mama yake akimtungia nyuzi kwenye sindano.

Alhamisi moja, wiki ya kuelekea Sikukuu ya Watakatifu Wote, Eleuterio alipanda gari la kamba linalopita juu ya mapaa, begi la spana magotini, akienda kwa mteja. Alikuwa na tabia ya kuzitafuta kazi zake kutoka huko juu. Hiyo ya mwuza kuku, kofia imeinama kidogo. Hiyo ya hoteli, safi. Akafika juu ya bekari ya Hilaria. Aliona tangi la maji la buluu, akaona chumba kipya cha matofali mekundu, kamba ya nguo, mbwa amelala. Bomba halikuwapo.

Alisimama, kichwa kikagonga dari la kibanda.

"Vipi, mzee, umesahau kitu?" aliuliza abiria wa mbele yake.

Eleuterio aliliokota begi la spana. Alishuka kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu, karibu akikimbia.

Bekari ilikuwa imefurika. Katika wiki ile kila familia yenye marehemu huleta unga wake kuoka mikate yenye umbo la watu, ya kuwawekea mezani wafu wao wakija kuwatembelea. Kinamama walikaa na mabeseni mlangoni hadi barabarani. Hilaria alikuwa na unga hadi kwenye nyusi.

"Kompadre! Umeleta unga wa baba yako?"

"Bomba liko wapi, komadre?"

"Bomba gani?"

"La moshi. Lililokuwa juu."

"Ah! Rufo amelipitisha nyuma. Linatoa moshi vizuri tu."

Eleuterio alifungua kidirisha cha chini cha oveni. Moto ulikuwa na ncha za njano, unayumba. Aliwasha udi, akausogeza palepale alipousogeza miaka miwili iliyopita. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, kisha ukamrudia usoni.

Akapanda ngazi. Fidelia alimfungulia mlango akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama mtu mwenye homa.

"Shikamoo Mama," Eleuterio alimsalimu Vitaliana, aliyekuwa kwenye godoro miguu peku.

"Marahaba mwanangu. Karibu kwenye chumba cha kitajiri. Kanyaga uone, sakafu ina joto! Tangu nizaliwe sijapata nyumba ambayo miguu haigandi."

Eleuterio alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye mbao. Zilikuwa na joto kama mgongo wa mnyama.

"Vichwa haviwaumi?" aliuliza.

"Mno," alisema Fidelia. "Ni hizi shanga, Fundi, zinaniua macho. Na mama anatapika asubuhi, lakini yeye ni uzee."

"Jumapili mkienda kanisani, kichwa kinauma?"

Fidelia alifikiri. "Jumapili hakiumi. Jumapili sishoni."

Jumapili, kwa kawaida, Hilaria naye haoki. Eleuterio aliliendea dirisha, akalifungua wazi, akaweka mkasi wa Fidelia kwenye bawaba lisije likajifunga.

"Dirisha hili lisifungwe. Umenisikia, dada? Hata mkigandia humu, lisifungwe. Oveni ya chini inawatilia sumu. Haina rangi, haina harufu."

"Upepo utanipeperushia shanga zangu zote!"

"Ziache zipeperuke."

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwenye koki kuu, akaifunga. Moto ukazimika ukitoa mlio kama wa mtu aliyepigwa tumboni.

Kelele zilizozuka! Mikate ilikuwa ndani, nusu mibichi. Mama mmoja alilia kwamba ndani mna mkate wa mwanawe, mwaka wake wa kwanza tangu afariki, akija akute meza tupu je? Mwingine alipiga yowe: "Bwana Matundu amekuja kutuharibia! Mtoeni nje!" Hilaria alimshika mkono, akamvuta nyuma ya magunia.

"Unanifanyia nini mbele za watu?"

"Komadre, kuna watu juu wanakufa polepole. Nina kibandiko chekundu begini. Sheria inanitaka nikibandike hapa, niandike taarifa, na hakuna kuwasha hadi bomba lipande upya."

"Siku ngapi?"

"Nne. Tano."

"Sikukuu ni Jumanne!" Machozi yalimtoka, yakachora mistari kwenye unga wa mashavu. "Kompadre, nitaoka hata Jumapili, mambo yamenizidi. Nusu ya mtaa huu imeniletea wafu wake. Unataka nikawaambie nini? Nimemshika mwanao kwenye maji ya ubatizo. Nipe hadi Jumatano. Jumatano asubuhi njoo ubomoe chumba kizima ukitaka, nitakushikia nyundo mimi mwenyewe."

Eleuterio alitia mkono begini, akakigusa kibandiko. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka alikuwa akiwaza nini, na alichokumbuka ni kile kilio cha yule mama wa mwana aliyefariki. Kibandiko kilibaki begini.

"Ghorofa ya chini ya oveni tu," alisema hatimaye. "Ya juu usiwashe kabisa. Mlango wa mtaani uwe wazi muda wote. Na la juu ya yote, lile dirisha. Ulinde lile dirisha kama mboni ya jicho lako."

"Naapa kwa jina la mama yangu."

Akaifungua koki kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa alipita, dirisha likiwa wazi. Jumamosi alipita, likiwa wazi, na Fidelia akampungia mkono amejifunga mablanketi mawili. Jumapili, mnamo saa nane mchana, mvua ya mawe ilishuka El Alto. Haikuwa ile ya kawaida. Ilipiga mabati kama changarawe inayomwagwa na lori, ikaingia madirishani ikirukaruka sakafuni. Mtu yeyote angefunga. Fidelia aliuondoa mkasi, akafunga. Mawe ya barafu yalijilundika juu ya bati la banda la kuni, yakapanda, yakauziba mdomo wa bomba la Rufo. Chini, Hilaria alikuwa amewasha ghorofa zote mbili, maana foleni ilikuwa haipungui. Moshi ulipokosa pa kutokea ulirudi, ukapenya kwenye kile kiungo cha utepe, ukapanda taratibu kati ya mbao zenye joto.

Saa kumi na moja mwanamke mmoja alipanda kuchukua vazi lake la ngoma. Alibisha, akasukuma. Fidelia alikuwa ameinamia kazi yake, shavu juu ya kitambaa, uso umepata wekundu wa afya ambao hakuwahi kuwa nao. Mama Vitaliana alikuwa amelala chali, miguu peku, nyayo zimegusa sakafu.

Eleuterio alikuwa mezani kwake akinywa supu Basilia alipoingia mbio kutoka dukani. Hakuhitaji kuambiwa hadi mwisho. Aliacha kijiko, akaenda bila koti, na alipofika alifanya jambo moja tu ambalo mikono yake iliweza: alifunga koki. Walikuwa wameizima oveni, lakini koki walikuwa wameiacha. Kisha akaketi.

Hilaria alikuja akaketi kando yake juu ya gunia. Polisi walikuwa wakipanda na kushuka ngazi. Alinong'ona bila kumtazama.

"Alhamisi ulikuja kuniletea unga. Basi."

"Komadre."

"Sikiliza. Wale kinamama waliona ukizima, hawajui kwa nini. Mimi nitasema gesi ilikatika. Rufo ndiye aliyekata bomba, na Rufo yuko mbali, amekwenda kujenga kwingine. Ukisema ulijua, utaniua mimi, na wewe utajiua. Watafufuka?"

"Hawatafufuka."

"Basi?"

Eleuterio aliinuka, akaenda zake. Nyumbani, Basilia alimwambia maneno yaleyale kwa sauti ya upole zaidi. "Baba Zulma, mtu mwenye kusema uongo ni yule anayeulizwa. Wewe hakuna aliyekuuliza. Nyamaza."

Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akaenda kwa mwendesha mashtaka bila kuitwa. Ofisa kijana alimpa kiti, akidhani amekuja kama shahidi wa mambo ya ufundi.

"Nilijua," Eleuterio alisema. "Andika hivyo. Alhamisi nilijua. Nilikuwa nimeshaifunga koki, nikaifungua."

Kalamu ya yule ofisa ilisimama. "Mzee, unafahamu unachokisema?"

"Nafahamu. Ndiyo kazi niliyosomea."

Kesi ilichukua mwaka na zaidi. Rufo hakupatikana. Hilaria alifungwa miaka mitatu, na bekari ikafungwa kwa mnyororo. Eleuterio alipewa kifungo cha nje na kunyang'anywa leseni. Basilia aliishusha ukutani kabla hawajaja, akaikabidhi, na alama ya mraba mweupe ikabaki kwenye rangi.

Mtaa haukumwelewa. Kama angenyamaza, wangemsengenya kwa kunyamaza. Aliposema, walimwita mchongea komadre wake. Zulma, ambaye Hilaria alimnunulia sare ya shule kila mwaka, alimwambia mlangoni, "Umemfunga mama yangu wa ubatizo ili wewe upate usingizi." Akahamia mji wa Oruro kwa mumewe. Simu yake ilikuja siku ya Krismasi, kwa mama yake.

Na usingizi wenyewe Eleuterio hakuupata. Siku ya hukumu, nje ya mahakama, kaka yake Fidelia, mkulima aitwaye Wenceslao, alimsogelea kofia mkononi. Eleuterio alidhani atapigwa, akasimama wima kungoja.

"Aliniambia kwenye simu," Wenceslao alisema. "Ijumaa. Alisema kuna fundi mmoja amekuja, mtu mwema, amesema tufungue dirisha. Alifurahi mtu kumjali." Akavaa kofia yake. "Laiti usingekuja kabisa. Ningejua wa kumchukia."

Akaondoka kuelekea kituo cha mabasi.

Eleuterio alirudi kukanda unga, kwenye bekari ya watu wasiomfahamu, upande wa pili wa jiji. Mabega yalikuwa ya mzee sasa. Miaka ikapita. Hilaria alitoka gerezani akahamia mashambani kwa dada yake. Walipokutana mara moja sokoni, alipita kama anapita nguzo.

Majira ya baridi yaliyopita, akitoka kazini asubuhi, Eleuterio alipita mbele ya mgahawa mpya wa kuku wa kuoka. Kupitia mlangoni aliona oveni kubwa, na ukutani juu yake tundu la hewa limezibwa kwa katoni na utepe. Moto ulikuwa wa njano. Mhudumu mmoja alikuwa amekaa akijikandakanda paji la uso.

Aliingia, akaomba kumwona mwenye mgahawa. Alikuwa kijana mwenye cheni shingoni.

"Zima hiyo oveni, mwanangu. Muite fundi mwenye leseni."

"Wewe ni fundi?"

"Nilikuwa."

"Basi nenda ukawe huko ulikokuwa. Wateja wanaingia."

Eleuterio aliifuata koki kwa macho, akaikuta, akaifunga, akautoa mpini wake kwa spana ndogo ambayo bado aliibeba bila sababu, akautia mfukoni. Yule kijana alimkamata ukosi. Alimsukuma hadi nje, akamwangusha, akampekua, lakini mpini hakuupata, kwa kuwa Eleuterio alikuwa ameuchomoa mfukoni na kuukumbatia kwa mikono yote miwili, tumbo chini, kama mtoto anayezuia mpira. Alipigwa mateke mawili matatu. Watu wakajaa. Wengine walicheka, wengine waliita polisi, na mmoja akapiga simu kwa shirika la gesi ili kumshtaki mzee kichaa.

Mkaguzi alifika baada ya saa mbili. Aliingia na kifaa chake cha kupimia hewa, akatoka haraka, akawaamuru wote wakae nje. Hakusema asante, alikuwa na haraka ya kubandika karatasi yake nyekundu. Mhudumu yule wa paji la uso alitapika kando ya barabara, akaanza kupata nafuu.

Eleuterio aliinuka taratibu akishika ubavu. Alimpa mkaguzi mpini wa koki.

"Jina lako, mzee? Kwa ajili ya taarifa."

"Calisaya. Sina leseni, andika na hilo."

Kisha akatembea kwenda nyumbani, maana alikuwa zamu tena jioni na ubavu ulihitaji kufungwa kitambaa. Basilia alipouliza nani amempiga, alisema ameteleza kwenye barafu.